Rejeta Moto Chini, Baridi Juu

Oktoba ikifika katikati, nyumba za Uingereza huanza kusema. Boila iliyopumzika tangu Mei inawashwa, pampu inaamka, na haipiti robo saa sauti zinaanza kusikika ukutani. Maji yanagugumia kama mtu anayesukutua, chuma kinalia tik-tik kinapopanuka, na nyuma ya kitanda kuna kitu kama kokoto zinazoporomoka. Muuguzi mmoja kutoka Mombasa, aliyehamia Leicester na wanawe wawili, alidhani bomba limepasuka. Hakuna kilichopasuka. Ila katika chumba cha watoto, ghorofani, rejeta iliunguza mkono karibu na sakafu, na mkono ulipopandishwa hadi juu ulikuta chuma baridi kabisa.

Akampigia simu mjomba wake, mkazi wa Reading wa siku nyingi ambaye zamani alikuwa fundi magari Changamwe.

"Shikamoo mjomba. Hita ya watoto imekufa nusu."

"Marahaba mwanangu. Nusu ya juu ama ya chini?"

"Ya juu."

"Basi hiyo imeingia upepo. Ni kama breki tu."

Swali hilo la juu au chini ndilo linaloamua kazi yote, na inasikitisha kuona familia zinalala na majaketi wiki nzima, au zinamlipa fundi kwa kazi ya dakika tano, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kuliuliza. Anayetoka pwani ya Afrika Mashariki hajakua na rejeta ukutani. Lakini upepo uliokwama kwenye bomba anaujua vizuri. Ameona mfereji ukikohoa na kutema maji ya rangi ya chai baada ya mgao wa siku mbili. Ameona dizeli ikiisha njiani na fundi akilazimika kutoa hewa kwenye njia ya mafuta ndipo injini ikubali kuwaka. Na mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, hawamrudishii mtu gari lililofunguliwa breki kabla ya kutoa upepo. Elimu ni ileile. Kilichobadilika ni nyumba.

Mfumo wenyewe si wa ajabu. Boila inapasha maji moto, pampu inayasukuma, bomba moja linayapeleka kwenye rejeta na jingine linayarudisha yakiwa yamepoa. Ni maji yaleyale yanayozunguka miaka nenda miaka rudi. Rejeta ikijaa maji, bati lake lote linapata moto. Ikiwa na hewa, hewa hupanda juu kwa wepesi wake na kukaa pale, na maji moto hayana njia ya kuingia mahali palipokwisha kukaliwa. Sehemu ile inabaki bati tupu. Hita inawaka saa nyingi, gesi inalipiwa, na chumba hakifiki hata nyuzi 18 za Selsiasi, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitaja mwaka 2018 kuwa salama kwa nyumba katika nchi za baridi.

Kwa hiyo kazi inaanza na kiganja. Hita iwake nusu saa hivi, kisha mkazi apite chumba kwa chumba akigusa kila rejeta juu, chini na pembeni, kwa tahadhari kwa sababu maji ndani yake yanaweza kufika nyuzi 70. Moto chini na baridi juu ni hewa. Baridi chini katikati huku juu na pembeni kuna moto ni jambo jingine kabisa: hilo ni tope jeusi la kutu lililotuama, na mtu anaweza kutoa hewa mpaka mwaka uishe asione nafuu. Rejeta moja iliyo baridi yote wakati wenzake wanawaka mara nyingi ina vali iliyokwama. Zikiwa za ghorofani zote baridi na za chini zote zina moto, maji hayatoshi kwenye mfumo. Na zote zikiwa vuguvugu, lawama ziende kwenye boila au pampu, rejeta ziachwe.

Hapo kabla ya kushika ufunguo wa kutolea hewa, kuna jambo moja ambalo watu hulisahau, nalo ni geji. Boila nyingi za siku hizi, hasa zile zisizo na tangi darini, ni mfumo uliofungwa, na zina geji ya presha usoni au chini yake. Mfumo ukiwa umepoa, geji inapaswa kusoma kati ya bari 1 na bari 1.5. Bari 1 ni nguvu ya kupandisha maji kama mita 10 kwenda juu. Nyumba ya ghorofa moja ina rejeta ambazo vichwa vyake haviko zaidi ya mita 5 kutoka chini, yaani nusu bari tu inatosha kuyafikisha maji, na inayobaki ndiyo inayosukuma hewa itoke. Sasa mtu akifungua rejeta ya ghorofani wakati geji imelala kwenye sifuri, hakuna kinachosukuma. Hewa ya chumbani ndiyo itakayofyonzwa ndani, na ugonjwa utazidi. Presha ikiwa chini, ijazwe kwanza.

Kujaza nako ni kazi ya dakika mbili. Chini ya boila kuna mpira mfupi uliosukwa kwa waya wa rangi ya fedha, wenye vali ndogo kila upande. Boila nyingine zina kishikio tu cha kuvuta. Mkazi afungue taratibu, jicho likiwa kwenye geji, mpaka isome bari 1.3 au 1.5, kisha afunge pande zote mbili kwa uhakika. Vali iliyoachwa wazi kidogo tu huendelea kuingiza maji usiku kucha, na asubuhi geji imekaribia 3.

Kazi yote hii, tangu kusoma geji, inataka hita iwe imezimwa na kuachwa ipoe, saa moja au zaidi. Wengi hawana subira hapa. Sababu za kungoja ziko mbili. Ya kwanza ni ngozi: maji ya nyuzi 70 yakiruka usoni hayana msamaha, na kwenye nyumba yenye watoto wanaopenda kuchungulia kazi za wakubwa hilo si jambo dogo. Ya pili ni pampu. Ikizunguka, inachanganya hewa na maji na kuitembeza, na katika sehemu nyingine za bomba inaweza hata kuvuta hewa ndani. Ikisimama, mapovu hupanda juu na kutulia yanapotakiwa.

Ufunguo wa rejeta ni kitu kidogo chenye tundu la mraba la kama milimita 5, unauzwa pauni moja au mbili kwenye maduka ya vifaa. Rejeta nyingine mpya zinakubali bisibisi bapa. Kijiskrubu cha kutolea hewa kiko pembeni juu kabisa, upande mmoja. Tambara lishikwe chini yake, kopo liwe tayari, na kama kuna kapeti lifunikwe taulo kuukuu, kwa maana maji yatakayotoka yanaweza kuwa meusi kama wino na doa lake halitoki. Ufunguo uzungushwe kinyume cha mwendo wa saa, robo mzunguko, usizidi nusu. Itasikika sauti ya "ssss". Iachwe. Sauti ikikatika-katika na matone kuanza kuruka, hewa iko mwishoni; mfululizo wa maji usio na mapovu ukitokea, kijiskrubu kifungwe, bila kukaza kwa hasira kwa sababu ni shaba laini na meno yake huliwa upesi. Asitokee mtu akakifungua chote. Kikidondoka, maji yanaruka na presha yote ya mfumo, na kukirudisha wakati maji yanamwagika ni mapambano ambayo majirani wa chini pia watayajua.

Ushauri wa kawaida ni kuanzia rejeta ya chini iliyo mbali zaidi na boila, kisha kupanda ghorofani, na kumalizia na ile iliyo juu kuliko zote, ambayo mara nyingi ni ile ya kukaushia taulo bafuni. Mafundi wengine wanabishana juu ya mpangilio huu. Ukweli ni kwamba kwenye nyumba ndogo tofauti haionekani sana. Muhimu ni kuzipitia zote, kurudi kwenye geji, kujaza kilichopungua, kuwasha hita, na kesho yake kurudia kwa zile zilizoanza kugugumia tena. Mfumo uliotoka kujazwa maji mapya hutoa hewa kwa siku kadhaa, na hakuna ubaya wowote.

Kwa nini siku kadhaa? Jibu lilipatikana Manchester mwaka 1803, pale William Henry alipochapisha kanuni inayobeba jina lake hadi leo: kiasi cha gesi kinachoyeyuka kwenye maji kinafuata presha ya gesi hiyo juu yake. Joto nalo lina sehemu yake, maana maji baridi hubeba hewa nyingi zaidi kuliko maji moto. Anayepika ameliona hili bila kitabu. Sufuria ya maji ikiwekwa jikoni, vipovu vidogo hujishika chini na pembeni muda mrefu kabla haijachemka. Huo si mvuke, ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji ya mfereji. Ndani ya boila mambo ni yaleyale, na kila lita mpya inayoingizwa inakuja na hewa yake.

Hili lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana, kwa sababu ndani ya hewa hiyo kuna oksijeni, na rejeta nyingi ni za chuma. Maji yaliyozunguka muda mrefu huwa yameshaishiwa na oksijeni, na kutu inapungua kasi. Maji mapya yanaianzisha upya. Matokeo yake ni unga mweusi unaonasa kwenye sumaku, ambao mafundi huukuta chini ya rejeta kama tope la mtoni; ndiyo maana boila mpya hufungiwa kichujio cha sumaku, na ndiyo maana mfumo hutiwa dawa ya kuzuia kutu. Na kuna la ajabu zaidi. Chuma kikiliwa na maji mahali pasipo na oksijeni, kinatoa haidrojeni. Rejeta inayojaa "hewa" kila baada ya siku chache, huku presha haishuki na hakuna palipovuja, huenda haina hewa hata kidogo bali ina gesi inayoshika moto. Asithubutu mtu kuwasha kiberiti karibu na kijiskrubu ili ajaribu. Dirisha lifunguliwe, gesi itolewe, na fundi aitwe asafishe mfumo na kutia dawa.

Kutoa hewa mara moja wakati msimu unapoanza ni matunzo ya kawaida. Kutoa kila wiki ni dalili, na hapa ndipo mkazi anapaswa kugeuka mpelelezi.

Yule muuguzi wa Leicester alitoa hewa, chumba kikapata joto, watoto wakalala. Baada ya siku tisa, baridi ikarudi juu ya rejeta ileile. Geji ilikuwa imeshuka hadi 0.6. Akajaza, akatoa hewa. Wiki iliyofuata vilevile. Mjomba akamwambia afanye kitu kimoja: asimame mbele ya geji mfumo ukiwa umepoa, asome, kisha hita iwake saa nzima, asome tena. Mfumo ukiwa umepoa geji ilisoma 1.2. Ukiwa moto ilipanda hadi karibu 3.

Hapo jibu lilikuwa wazi kwa anayejua. Maji yakipata moto hutanuka, na mfumo uliofungwa una chombo maalumu cha kupokea mtanuko huo, kopo la chuma lenye utando wa mpira katikati, maji upande mmoja na hewa iliyoshindiliwa upande wa pili. Chombo kikiishiwa hewa yake au utando ukipasuka, maji yanayotanuka hayana pa kwenda. Presha inapanda. Ikifika bari 3, vali ya usalama inafunguka na kumwaga maji nje ya nyumba kupitia bomba jembamba la shaba linalochomoza ukutani. Usiku mfumo unapoa, maji yaliyomwagika hayapo, geji inaanguka chini ya 1. Mwenye nyumba anajaza maji mapya yenye oksijeni mpya. Kesho yanamwagwa tena. Mtu anaweza kuishi hivyo miezi miwili akidhani tatizo lake ni hewa, kumbe anazila rejeta zake polepole kwa mkono wake mwenyewe. Njia ya kuthibitisha ni kuweka beseni chini ya mdomo wa bomba lile la nje, bila kuuziba, na kulichungulia asubuhi. Maji yakikutwa humo, aitwe fundi.

Presha ikishuka bila kupanda kupita kiasi mfumo unapokuwa moto, kuna mahali panavuja. Vali za rejeta zikaguliwe kwa karatasi ya chooni iliyokunjwa, ipitishwe kwenye kila kiungio; karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Madoa ya kijani kwenye shaba na ya kahawia kwenye dari yanasema mapema kuliko geji.

Nyumba za zamani zina mfumo mwingine, ulio wazi, na hapo mpelelezi apande darini. Kando ya tangi kubwa la maji baridi kuna tangi dogo lenye boya, kama lile la chooni. Hilo ndilo linalolisha mfumo wa hita. Boya likikwama juu kwa miaka, maji yanapungua kidogo kidogo kwa kukauka mpaka tangi linabaki na vumbi, na mfumo unameza hewa badala ya maji. Rejeta za ghorofani ndizo za kwanza kufa. Kuligusa boya lishuke na maji yaanze kuingia kumewahi kumaliza kesi nyingi kuliko vifaa vya gharama. Akiwa huko juu asikilize pia pampu inapoanza. Kama bomba lililopinda juu ya tangi linamwaga maji moto ndani yake, mfumo unajichanganyia hewa wenyewe usiku na mchana, na fundi lazima abadilishe mpangilio wa mabomba au kasi ya pampu.

Na ile rejeta moja iliyo baridi yote hata baada ya kutolewa hewa? Vali yenye namba kutoka 1 hadi 5 ina kichwa kinachofunguka kwa mkono. Chini yake kuna kipini kidogo ambacho kinapaswa kuzama na kurudi milimita mbili tatu kikibonyezwa. Kiangazi kizima kikikaa kimebonyea, hukwama. Kikigongwa polepole kwa mpini wa bisibisi na kubonyezwa mara kadhaa, mara nyingi huachia. Kukivuta kwa plaizi ni kukaribisha mafuriko. Kikiwa huru na rejeta bado ni baridi, hewa huenda imeziba ndani ya bomba lenyewe, mahali linapopanda na kushuka kama mgongo wa ngamia. Hapo rejeta nyingine zote zifungwe, ile yenye ugonjwa iachwe wazi peke yake, hita iwake, na nguvu yote ya pampu ipite njia moja. Mara nyingi bonge la hewa hung'oka, sauti yake ikisikika ukutani.

Sauti ya boila yenyewe kulia kama birika linalokaribia kuchemka si ya kutolewa kwa ufunguo. London na kusini mashariki maji ni magumu, yana chokaa nyingi, na ukoko ule unaoonekana kwenye birika unaweza kushika ndani ya boila pia. Hiyo ni kazi ya fundi, na si fundi yeyote. Tangu tarehe 1 Aprili 2009, wanaoruhusiwa kisheria kugusa sehemu za gesi ni walioandikishwa Gas Safe Register. Kadi yao ina picha na namba, na nyuma yake imeandikwa aina za kazi wanazoruhusiwa. Ni haki ya mkazi kuiomba na kuisoma pande zote mbili, hata kama aliyekuja ni jamaa wa msikitini au kanisani. Rejeta, geji na tangi la darini ni vya mkazi. Kifuniko cha boila hakimhusu kabisa, kwa sababu boila isiyofungwa vizuri inaweza kutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Harufu ya gesi ikisikika, madirisha yafunguliwe, swichi za taa zisiguswe, watu watoke, na namba ya dharura ipigwe: 0800 111 999.

Wapangaji wana ngao ambayo wengi hawajui kama wanayo. Nchini England, kifungu cha 11 cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985 kinamlazimu mwenye nyumba kutengeneza mitambo ya kupasha joto vyumba na maji, na vifaa vya gesi lazima vikaguliwe kila baada ya miezi 12, mpangaji akipewa nakala ya cheti. Kutoa hewa kwa ufunguo ni nadra mwenye nyumba amkataze mpangaji kwenye nyumba yenye boila yake. Kwenye majengo marefu ambako boila moja inahudumia mamia ya familia, ni bora kuuliza uongozi wa jengo kwanza, kwani maji yale ni ya wote. Na huko Marekani, Wakongomani na Warundi walioko Portland, Maine, au New York kwenye majengo ya zamani, wasitafute ufunguo kabla ya kujua wana mfumo gani: rejeta nyingi za mvuke zina kijivali pembeni kinachotoa hewa chenyewe, na kwao "ssss" fupi wakati mvuke unapoingia ni dalili ya afya.

Leicester, fundi mwenye kadi alikuta maji kwenye beseni la nje na chombo cha mtanuko kimeishiwa hewa. Utando ulikuwa mzima. Alikijaza kwa pampu ya mkono kama ya baiskeli, akatia dawa ya kutu, akaondoka. Ubavuni mwa boila sasa kuna karatasi iliyobandikwa kwa gundi, kwa mwandiko wa mtoto wa miaka kumi aliyepewa kazi hiyo: Jumapili 1.3, Jumapili 1.3, Jumapili 1.3, Jumapili 1.2.